Mche, Daftari na Amana: Tunalojifunza Kutoka Nyeri





Juma hili tumependa kuwatoa pwani na kuwapeleka bara, hadi Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Huenda msomaji akajiuliza familia ya Kiislamu ya pwani ina haja gani na misitu ya Nyeri. Jawabu wanalo ndugu zetu wa Hola, Garsen na Kipini. Maji ya Mto Tana wanayoyaona yakipita mbele ya nyumba zao yameanza safari yake katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Huteremka kwa mito ya Sagana, Gura na Chania, hupita mabwawa ya Masinga na Kiambere yanayotupatia umeme, kisha hukata nyika kavu hadi Bahari ya Hindi. Msitu ukifyekwa kule juu, mkulima na mfugaji wa huku chini hupata habari zake, ama kwa mafuriko, ama kwa ukame.

Lakini si maji peke yake yaliyotufanya tuishike kalamu. Karibu kila mtaa wetu una kikundi cha akina mama: cha kupanda mikoko, cha kusafisha ufuo, cha kuchangiana fedha za karo. Vingi huanza kwa ari kubwa. Baada ya miaka miwili au mitatu, kimoja kimekufa, kingine kimegawanyika, na cha tatu kimebaki jina katika ofisi ya msajili. Tumekuwa tukijiuliza kwa nini. Nyeri na miji inayouzunguka mlima ina historia ndefu ya vikundi vya namna hiyo vilivyokua, vikabadilika, vikapata misukosuko na bado viko hai. Historia hiyo ina la kutufunza.

Tuanzie kijiji cha Ihithe, katika miteremko ya Aberdare. Hapo ndipo alipozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba utotoni alikuwa akitumwa na mama yake kuokota kuni, na akikatazwa kuchukua kuni za mti wa mugumo, kwa kuwa wazee waliuheshimu mti ule. Karibu na mti huo palikuwa na kijito cha maji safi. Aliporudi kijijini akiwa mtu mzima, baada ya masomo yake ya ng'ambo, aliukuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Wazee hawakuwa wameandika vitabu vya sayansi, ila walikuwa wamejua kwamba mizizi ya mti ule ndiyo iliyoyashika maji.

Katikati ya miaka ya 1970, Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya lilikuwa likiwasikiliza wanawake wa mashambani wakieleza shida zao. Walitaja kuni, maji safi, chakula cha watoto na malisho ya mifugo. Wanawake wa sehemu za kati walikuwa wameona mashamba ya chai na kahawa yakitwaa mahali pa miti, na sasa walikuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Bi Wangari akaona kwamba shida zile nne zilikuwa na shina moja, nayo ni ardhi iliyovuliwa miti.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Alianzisha kampuni ndogo iliyokusudia kuwapa watu kazi ya kupanda na kutunza miti. Fedha zikakosekana, maji ya kunyweshea yakawa shida, na miche mingi ikafa. Mwenye kuangalia siku ile angesema mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1977 aliipeleka rai yake katika Baraza la Wanawake, na tarehe 5 Juni mwaka huo wakapanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili haikuwa katika mbegu. Mara ya pili jambo lilikuwa la jamaa, si la mtu mmoja na mfuko wake. Huo ndio mwanzo wa shirika ambalo leo dunia nzima hulijua kwa jina la Green Belt Movement, yaani harakati ya mikanda ya kijani. Kwa maana akina mama walipanda miche kwa safu, zikawa kama mikanda inayoifunga ardhi isiondoke.

Awali walitegemea miche ya serikali. Walipoanza kuomba kwa wingi, waliambiwa wailipie. Wakaamua kuotesha wenyewe. Mabwana misitu walikuja kuwafundisha kwa maneno ya kitaalamu mpaka akina mama wakachanganyikiwa. Mwishowe walirudi kwenye ujuzi wao. Ikiwa wanajua kuotesha mahindi na maharagwe, basi mbegu ya mti haiwezi kuwashinda. Waliokota mbegu porini, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika na mikebe mikuukuu, wakaweka vitalu mahali pa juu ili kuku wasiifikie miche. Wengi wao hawakujua kusoma.

Tunawaomba wasomaji walizingatie sana sharti lao la malipo. Kina mama walipewa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche, lakini kwa mche ulioshika tu. Kupanda hakukuwa na ujira. Ujira ulikuwa wa kutunza. Kikundi kiliandika miche kilioiotesha, kikaandika iliyotolewa kwa majirani, kisha baada ya miezi kikarudi kuhesabu iliyo hai na kupeleka taarifa. Shirika liliweka utaratibu wa hatua kumi, kuanzia kuunda kikundi hadi kupokea malipo. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Akina mama wa Nyeri, Murang'a na kwingineko walilitekeleza neno hilo kwa vitendo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mtihani ambao kila kikundi huuomba bila kuujua uzito wake, nao ni mtihani wa fedha. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wanawake ulitoa msaada mkubwa, na chama cha misitu cha Norwei kikajiunga kama mshirika. Kazi iliyokuwa ya kujitolea ikapata waajiriwa, ofisi, ripoti na ukaguzi wa hesabu. Haya ni maendeleo, wala hatuyabezi. Lakini palepale ndipo vikundi vingi huharibika. Aliyekuwa akibeba ndoo ya maji hadi kitaluni huanza kusubiri gari. Aliyekuwa akihesabu miche huanza kuhesabu posho za mikutano. Shirika lile lilinusurika kwa kuwa fedha ziliingia katika utaratibu uliokuwapo. Daftari lilitangulia, mfadhili akafuata. Kwetu mara nyingi huwa kinyume: mfadhili huja kwanza, na daftari hutafutwa siku ya ukaguzi.

Mwaka 1987 shirika lilijitenga na Baraza la Wanawake likasimama peke yake. Mtoto hukua akaondoka kwa mama yake. Kujitenga huku kulileta uhuru, na pia kuliliondolea kivuli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, Bi Wangari alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Wakubwa walikasirika. Bungeni wanawake wale walidhihakiwa kwamba ni kundi la walioachwa na waume zao. Shirika likaamriwa kutoka katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia, na wafanyakazi wakahamia nyumbani kwake mwenyewe, wakafanya kazi sebuleni na vyumbani.

Akina mama wenzetu, fikirini. Shirika lililojulikana hata ng'ambo limerudi kuwa katika nyumba ya mtu mmoja. Kwa nini halikufa? Kwa sababu ofisi haikuwa ndiyo shirika. Vitalu vilikuwa vijijini, mikononi mwa wanawake waliojua kazi yao. Ofisi ilipofungwa Nairobi, miche ya mashambani haikujua habari hiyo; iliendelea kunyweshewa. Na lile jumba, mpango wake ukaachwa, na bustani ile ipo hadi leo.

Misukosuko ile ililibadilisha shirika. Waliokuwa wamekusanyika kwa ajili ya kuni wakaanza kuuliza ni nani anayeigawa misitu ya umma, na kwa idhini ya nani. Shirika likaanza kuendesha masomo ya uraia, ambamo watu waliulizwa shida zao ni zipi na zimesababishwa na nani. Kila mara orodha ya lawama kwa serikali ilikuwa ndefu, mpaka watu walipoongozwa kutazama nao walichokifanya: kulima kingo za mito, kukata bila kupanda, kunyamaza. Bi Wangari alikuwa akiwapigia mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake, kisha akashangaa kufika asikokusudia. Mwaka 1992 walisimama pamoja na akina mama waliokuwa wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Mwaka 1998 na 1999 walisimama kuutetea msitu wa Karura, na hapo alipigwa hadi akatoka damu.

Wapo waliosema shirika la miti limeacha kazi yake likaingia katika siasa. Sisi twaona kwamba swali hilo ni la haki kuulizwa, na kila kikundi kinapobadili njia hakina budi kulijibu mbele ya wanachama wake. Jibu la shirika lile lilikuwa kwamba mche haufai kitu iwapo ardhi uliopandwa itanyakuliwa kesho. Yalikuwa mabadiliko ya njia, makusudio hayakubadilika. Kikundi kinachofuata kila fedha mpya inayotangazwa, leo miche, kesho mbuzi, keshokutwa vyerehani, hicho ndicho kilichopoteza dira.

Mwaka 2002 watu wa Tetu, huko kwao Nyeri, walimchagua kuwa mbunge. Tarehe 8 Oktoba 2004, akiwa njiani kwenda kuwatembelea, alipata habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisimama katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, akauelekea Mlima Kenya, akapiga magoti akapanda mti. Hakuna aliyeshangaa, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu miaka 27 iliyopita.

Baada ya hapo shirika lilibadilika tena. Lilitilia mkazo miti ya asili na vyanzo vya maji. Mwaka 2006 lilifanya mapatano na mfuko wa Benki ya Dunia ili kuirudishia miti ardhi ya hekta 2,000 katika Aberdare na Mlima Kenya, kwa malipo yanayotokana na hewa ukaa ambayo miti huivuta na kuihifadhi. Tazameni umbali huo: kutoka mkebe mkuukuu wenye mche mmoja hadi mkataba wa kimataifa wenye vipimo na wakaguzi. Na bado kazi yenyewe huanza na mwanamke aliyeinama kitaluni.

Tarehe 25 Septemba 2011 Bi Wangari alifariki dunia. Alikuwa ameusia kwamba asifanyiwe jeneza la mbao, na jeneza lake likasukwa kwa mianzi na mafunjo. Binti yake, Wanjira, aliyekwisha fanya kazi katika shirika kwa miaka kadhaa, alikuwa miongoni mwa walioishika hatamu. Shirika bado lipo, na hesabu yake ya miti iliyopandwa imepita milioni 50. Kufiwa na mwanzilishi ndio mtihani mgumu kuliko yote, nao hauna budi kuandaliwa mapema. Aliyewazoeza wenzake kazi huacha shirika. Asiyewazoeza huacha kumbukumbu.

Wala si shirika hilo pekee. Mwaka 1988 lilianzishwa shirika la Rhino Ark kwa nia ya kuwaokoa vifaru wa Aberdare. Uzio wa umeme uliokusudiwa mwanzoni ulikuwa wa kilomita 38. Kadiri ulivyojengwa, wakulima waliokuwa wakikesha kuwafukuza ndovu mashambani waliona mahindi na viazi vyao vinasalimika, nao wakataka uwafikie. Ulipokamilika mwaka 2009 ulikuwa umeuzunguka mlima mzima, kiasi cha kilomita 400, na makusudio yalikuwa yamepanuka kutoka kifaru hadi msitu wote na maji yake. Kisha kazi ikahamia Mlima Kenya. Huko, uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 1999 ulikuwa umefichua ukataji haramu wa miti, tanuri za makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Na kupitia sheria ya misitu ya mwaka 2005, wanavijiji wa maeneo kama Kabaru na Hombe walipata haki ya kuunda vyama vya jamii na kushiriki rasmi katika kuitunza misitu iliyo mlangoni mwao. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi pia tuna mfano. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wana mradi wa Mikoko Pamoja, uliokuwa miongoni mwa ya mwanzo duniani kuuza hewa ukaa kutokana na mikoko, tangu mwaka 2013. Unahifadhi hekta 117, na mapato yake yameingia katika maji ya kijiji na mahitaji ya skuli. Akina mama wa Gazi nao wana daraja lao la mbao la kuwatembeza wageni mikokoni. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya watu wa bara.

Lakini wengi wetu tumeshuhudia pia kinyume chake. Watu hukusanyika ufuoni asubuhi moja, fulana mpya zikagawanywa, picha zikapigwa, miche mia kadhaa ikachomekwa matopeni. Ukipita baada ya miezi mitatu utaona vijiti vikavu. Hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kuhesabu. Na ukiuliza fedha zilitumikaje, mama aliyebeba miche kichwani hajui. Anajua mwenyekiti peke yake.

Hili ni suala la amana, na katika dini yetu amana si jambo dogo. Waislamu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kuifanya kheri idumu baada ya mwenyewe kuondoka. Tunao wakfu. Babu aliyeweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti alitaja sharti lake, akateua msimamizi, akaweka mashahidi. Yeye amekufa zamani na mafuta ya taa ya msikiti, na leo bili ya umeme, hulipwa kwa minazi yake. Msimamizi hubadilika, minazi mizee hung'olewa ikapandwa michanga, lakini sharti la mwenye wakfu haliguswi. Na pale wakfu ulipopotea, tunajua sababu yake: msimamizi aliugeuza mali yake, na watu walioona wakanyamaza.

Kikundi cha akina mama kiangaliwe kwa jicho hilohilo. Tunapendekeza mambo machache. Kabla ya kupokea fedha yoyote ya mfadhili, makusudio ya kikundi yaandikwe kwa Kiswahili wanachokifahamu wote, yasomwe kwa sauti mkutanoni. Daftari la fedha lisikae nyumba moja mwaka mzima, na mwanachama yeyote akitaka kuliona aonyeshwe bila kununiwa. Malipo yafuate mche ulio hai. Kila mwenye cheo awe na binti au mwenzake anayejifunza kazi yake, ili siku akihama kwa mumewe, akiugua au akitwaliwa na Mola wake, kazi isimame na wengine. Na kikundi kikikua hata kikaajiri wasomi, hilo ni jema, ila kiti cha yule bibi wa kitaluni kisiondolewe kikaoni. Yeye ndiye anayejua mche upi umekufa na kwa nini.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anayekula kutokana nao, akiwa mtu, ndege au mnyama, huandikiwa yeye sadaka. Ametufundisha pia kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, naye akiweza kuupanda, basi aupande. Mafunzo hayo tunayasikia kila mara mimbarini. Akina mama wa Nyeri, ambao wengi wao si wa dini yetu, wametuonyesha nusu ya pili ya kazi: kurudi kesho na maji, na kurudi mwezi ujao na daftari.

Wazazi wenzetu, jioni moja juma hili waketisheni watoto. Waonyesheni katika ramani mahali Mto Tana unapoanzia na unapoishia. Kisha mama wa nyumba awaeleze kikundi chake kilianzaje, kina nini leo, na nani atakishika baada yake. Akikosa jibu la swali la mwisho, ajue mahali pa kuanzia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana, azibariki kazi za mikono ya mama zetu, na ainyeshee ardhi yetu mvua ya rehema, bara na pwani.